Swali Kwanza, Picha Baadaye: Tupange Vipi Kupiga Picha za Mto Tana Kutoka Angani?

SOMO LA VIKUNDI

Somo hili ni la vikundi vilivyo kando ya mto, na hasa ninyi wa Tana, kutoka Garissa kushuka hadi Hola, Garsen na Kipini. Lakini hata kama kikundi chenu kiko kando ya Nzoia, Athi au Ewaso Ng'iro, msiliruke. Taabu za mito zinafanana.

Tuanze na jambo ambalo wazee wa Hola wanalikumbuka vizuri. Mradi wa kunyunyizia mashamba wa Hola ulianzishwa miaka ya 1950, na maji yake yalivutwa kwa pampu kutoka Tana. Mwaka 1989 mto ukaacha njia yake ukapita kwingine. Pampu zikabaki palepale, maji yakawa hayapo. Mashamba yakakauka, na mradi ukalala kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa.

Je, kuna kikundi leo kinachochimba msingi wa pampu mpya, au kupanda miembe, au kujenga ghala, mahali ambapo mto unapataka? Hilo ndilo swali la somo letu. Mara nyingi mto huonyesha dalili kabla ya kuhama. Hula ukingo huu mwaka huu, huacha mchanga upande ule mwaka ujao, hukaza kona mpaka siku ya mafuriko maji yanapata njia ya mkato. Mtu aliyesimama ukingoni huona hatua chache tu. Anayeangalia kutoka juu huona kona nzima, na njia za zamani ambazo mto uliwahi kupita.

1. HALI YA MTO WETU

Tana ndio mto mrefu kuliko yote Kenya, karibu kilomita 1,000. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapita kwenye mabwawa matano ya umeme: Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988). Kisha huteremka nyanda kavu za Garissa na Tana River hadi Bahari ya Hindi.

Kutoka mwisho wa 2020 hadi mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo. Mifugo ikafa kwa wingi. Kabla watu hawajapumua, mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zikaja na mafuriko, na za Machi hadi Mei 2024 zikaongeza. Mara zote mbili barabara ya Madogo kuingia Garissa ilikatwa na maji. Wanasayansi waliochunguza ukame ule na mvua za 2023 walisema kuongezeka kwa joto la dunia kulizidisha mambo yote mawili, ingawa mvua ile ilisukumwa pia na hali ya Bahari ya Hindi ya mwaka huo.

Lakini hapa tuseme ukweli. Si kila kitu kinachotokea mtoni ni mabadiliko ya tabianchi. Tana ulikuwa unahama tangu zamani. Mabwawa nayo hushika mchanga na tope, na hubadilisha kiasi cha maji yanayoshuka. Kukata miti ukingoni kunalegeza udongo. Picha ya angani itawaonyesha nini kimetokea. Haitawaambia peke yake kwa nini. Kwa hiyo msiende kwa kaunti na picha moja mkisema, "Hii hapa tabianchi." Mtaulizwa swali la pili mkose jibu.

2. JAMBO LA KWANZA: SWALI

Siku hizi kuna droni, yaani kindege kidogo kisicho na rubani ndani yake, chenye kamera. Vijana wengi wamekiona kwenye harusi. Akitokea mtu na kusema, "Nawapigieni picha za mto," watu hufurahi, droni inaruka, watoto wanashangilia, na jioni mgeni anaondoka na picha zake. Mwaka mmoja baadaye ukiwauliza wanakikundi picha zilisaidia nini, wanatazamana tu.

Tunawasihi: kabla ya droni, kaeni chini muandike swali moja. Mfano:

- Ukingo unasogea kiasi gani kwa mwaka kuelekea ghala letu?
- Maji ya mafuriko huingia kijijini kupitia wapi?
- Mahali tunapotaka kuweka pampu patakuwa na maji hata wakati wa kiangazi?

Kila swali lina picha yake. La kwanza linataka picha za mahali pamoja, zilizorudiwa mwaka baada ya mwaka. La pili linataka picha mara tu maji yanapoanza kupungua, alama za tope zikiwa bado mbichi. La tatu linataka picha wakati mto uko chini kabisa. Kikundi chenye maswali yote matatu kwa siku moja hakitapata jibu la hata moja.

3. JAMBO LA PILI: WAKATI

Tuna misimu miwili ya mvua, masika na vuli. Mto hujaa kufuatia mvua hizo na hupungua katikati yake. Kama mnataka kuona ukingo, mchanga na njia za zamani, pigeni picha mto ukiwa chini, kwa mfano Februari au Septemba.

Na mkirudia mwaka ujao, rudieni maji yakiwa kimo kilekile. Hili ni kosa la watu wengi. Mto ukipigwa picha umejaa mwaka huu na umepungua mwaka ujao, utaonekana umekonda, kumbe ni msimu tu. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina vituo vya kupimia kimo cha mto, na Garissa kipo. Waulizeni kimo cha siku hiyo, mkiandike nyuma ya picha. Pia simamisheni mti wenu wa kupimia, wenye alama za rangi kila sentimita 10, mahali imara ambapo mtoto wa shule anaweza kuusoma bila kukaribia maji.

Saa nayo ina maana. Saa sita mchana jua letu liko utosini, na maji hung'aa kama kioo mpaka picha inakuwa nyeupe. Asubuhi sana vivuli vya miti hufunika ukingo. Saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi ni wakati mzuri, na upepo huwa haujapanda. Wingu jepesi lililotanda sawasawa si baya, tena husaidia. Wingu la vipandevipande ndilo linaloharibu, maana linaacha madoa ya kivuli.

4. JAMBO LA TATU: HESABU YA SAFARI

Msiogope hesabu hii. Ni kama kulima shamba kwa mistari.

Tuseme sehemu yenu ya mto ina urefu wa kilomita 3, na mnataka kuona mto pamoja na ardhi ya pande zote mbili, jumla upana wa mita 500. Droni inapaa mita 100. Kwa kamera nyingi za droni ndogo, kutoka hapo kila picha hufunika takriban mita 150 kwa mita 100, na alama ndogo kabisa ya picha ni kama sentimita 3 ardhini. Kwato moja halitaonekana, lakini njia ya ng'ombe itaonekana, na ukingo ulioliwa nusu mita utaonekana.

Picha hizi huunganishwa na kompyuta ziwe ramani moja, na ili ziungane lazima zipandiane, kama vigae vya paa. Mbele na nyuma zipandiane asilimia 80, na ubavuni asilimia 70. Maji hutembea na hayana alama ya kudumu, kwa hiyo kompyuta huchanganyikiwa ikiona maji matupu. Hakikisheni kila picha, ikiwezekana, imeshika kipande cha ardhi.

Sasa hesabu:

- Ubavuni mistari itaachana mita 45. Mita 500 gawanya kwa 45, ni mistari 12 hivi.
- Mistari 12 mara kilomita 3 ni kilomita 36.
- Droni ikienda mita 8 kwa sekunde, ni dakika 75, bila kuhesabu kugeuka na kutua.
- Betri moja ikitoa dakika 20 za kazi, mnahitaji betri 4, na ya tano ya akiba.
- Picha moja kila mita 20 ni picha 1,800.

Mnaona? Dakika 75 za kuruka, na kila mara mtue kubadilisha betri, mtajikuta mmefika saa tano na maji yameanza kung'aa. Tena mwenye droni anatakiwa aione kwa macho yake muda wote. Kilomita 3 hazionekani ukiwa umesimama mahali pamoja. Kwa hiyo gawanyeni kazi iwe siku mbili, saa zilezile, na mchague mapema mahali pa kusimama. Au punguzeni sehemu. Kilomita 1 iliyopigwa vizuri kila mwaka ina faida kuliko kilomita 10 zilizopigwa mara moja tu.

5. JAMBO LA NNE: ALAMA ZA CHINI

Picha ya mwaka huu na ya mwaka ujao zitalinganishwaje kama hakuna kitu kisichosogea? Chagueni angalau alama tano za kudumu, zilizotawanyika pande zote mbili za mto: pembe ya shule, tangi la maji, msikiti, kanisa, kalvati la barabara. Mwembe mkubwa unaweza kusaidia macho, lakini matawi yake hukua, na ukiwa karibu na maji huenda ukaondoka pamoja na ukingo.

Mahali pasipo na jengo, wekeni msalaba wa chokaa au vitambaa vyeupe, kila mkono mita 1, juu ya kigingi cha zege kitakachobaki. Mwenye chombo cha kupimia mahali apime kila alama. Simu ya kawaida hukosea mita kadhaa. Inatosha kumwonyesha mtu njia, lakini haitoshi kupima ukingo.

Tena onyo: anayeweka alama asiende majini peke yake. Mamba na kiboko hawasomi gazeti letu.

6. JAMBO LA TANO: RUHUSA

Kenya ina kanuni za droni za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Droni isajiliwe, na anayeirusha awe na kibali. Isipae zaidi ya futi 400, karibu mita 120. Isikaribie watu na majengo yasiyohusika chini ya mita 50. Karibu na uwanja wa ndege kuna masharti zaidi, na kumbukeni Garissa na Hola zina viwanja vya ndege. Mkiwa na hifadhi ya wanyama karibu, kama ile ya nyani na kima wa Tana iliyotengwa mwaka 1976, ombeni pia kwa Shirika la Wanyamapori.

Kwa hiyo kijana aliyerudi kutoka mjini na droni mkobani si lazima awe jibu. Mwombeni awaonyeshe karatasi zake. Asiwe na haya kuulizwa, nanyi msiwe na haya kuuliza. Mwambieni pia chifu na kituo cha polisi siku na saa. Katika sehemu zenye wasiwasi wa usalama, kitu kinachoruka bila taarifa kinaweza kuleta balaa.

7. JAMBO LA SITA: PICHA NI YA NANI?

Hapa ndipo penye uzito, ndugu zetu. Tuseme mko barazani, mnaeleza mpango. Mzee mmoja mfugaji anasimama na kuuliza, "Hiyo picha mtaionyesha nani? Mnataka kutufungia njia ya ng'ombe?" Msimkatize. Ana haki.

Picha ya angani inaonyesha mto, lakini inaonyesha pia shamba la fulani limefika wapi na malka ya kunyweshea mifugo inapita wapi. Mkulima ataitazama aone mipaka. Mfugaji ataitazama aone njia yake imelimwa. Hatujasahau damu iliyomwagika Tana Delta mwaka 2012 na 2013. Picha iliyopigwa upande mmoja ukiwa umefichwa inaweza kuwasha moto uliokuwa umelala.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

- Baraza liitwe kabla, wakulima na wafugaji, ng'ambo zote mbili za mto. Akina mama wanaochota maji wawepo, maana wao ndio wanaojua ukingo ulivyokuwa jana.
- Iandikwe wazi: picha hizi ni za kupima mto. Si hati ya shamba, na hazitatumiwa kudai mpaka.
- Siku ya kuruka isiwe wakati mifugo iko malkani. Ngamia akishtuka hakuna wa kumshika. Wala msipige mahali watu wanapooga. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inahusu hata picha inayomtambulisha mtu.
- Nakala zibaki kijijini. Mpigaji picha asiondoke kabla hajawaachia picha zote, si ramani tu. Nakala moja iwe kwa katibu, nyingine shuleni au mahali pengine pa juu pasipofikiwa na mafuriko. Na ramani moja ichapwe kwenye karatasi kubwa, mzee asiye na simu aitazame.

8. KUISOMA PICHA

Sasa mna picha zilizopigwa kwa kuachana miaka miwili. Ziwekeni moja juu ya nyingine kwa zile alama za kudumu. Tuseme ukingo umesogea mita 12, na ghala liko mita 40 kutoka ukingoni. Mtu wa haraka atasema, "Mita 6 kwa mwaka, basi tuna miaka zaidi ya sita." Hapana. Mto hauli kila mwaka sawa. Unaweza kukaa kimya miaka mitatu, halafu furiko moja likala mita 20 kwa wiki. Ile hesabu iwaambie mwelekeo, isiwape ahadi. Kama mto unaelekea ghala, anzeni kupanga kuhama sasa hivi, wakati mbao na mabati bado yanafunguka kwa utulivu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukingo wa Tana hauzibiki kwa ukuta wa harambee.

Angalieni pia kona iliyokaza mpaka shingo yake imekuwa nyembamba. Hapo mto unaweza kukata. Mkiona hivyo, pampu isiwekwe ndani ya kona ile hata kama leo maji yake ni mengi. Yaliyotokea Hola 1989 yaweza kutokea tena.

9. KAMA HATUNA PESA JE?

Msikate tamaa. Kuna mambo matatu yasiyohitaji droni.

Moja, vigingi. Pigeni mstari wa vigingi kutoka ukingoni kuja bara, kila mita 5, na muhesabu vilivyobaki baada ya kila msimu. Andikeni kwenye daftari. Hata mkipata droni baadaye, daftari hili ndilo litakalothibitisha picha.

Mbili, picha za setilaiti. Zile za Landsat zilianza mwaka 1972, na za Sentinel-2 mwaka 2015. Zote hupatikana bure. Alama yake ndogo kabisa ya Sentinel ni mita 10, kwa hiyo hazitaonyesha ghala lenu, lakini zitaonyesha mto ulivyohama kwa miaka mingi. Mwalimu wa sekondari au ofisa wa maji wa kaunti anaweza kuwasaidia kuzipata.

Tatu, picha za zamani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ndege za Uingereza zilipiga picha sehemu kubwa za Kenya ili kutengeneza ramani. Idara ya upimaji kule Ruaraka, Nairobi, ni mahali pa kuuliza. Ikipatikana ya kwenu, mleteeni mzee aliyekuwa kijana wakati ule. Picha itaonyesha mto ulikuwa wapi, naye atawaambia ulihama lini na watu walikimbilia wapi. Hayo hayaonekani kutoka angani.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Tukiruhusiwa swali moja tu juu ya mto wetu, ni lipi? Kila mtu aseme lake, kisha mchague.
2. Ni kitu gani chetu kilicho karibu zaidi na ukingo? Pimeni kwa hatua kabla ya mkutano ujao.
3. Nani hajaitwa katika mazungumzo haya, na nani atakwenda kumwita?
4. Picha zikionyesha kwamba lazima tuhame, tuko tayari kuamini?

Swali la nne ni gumu, tunajua. Kuhama shamba ulilorithi si mchezo. Lakini mto hautusubiri tumalize kubishana. Anzeni na vigingi wiki hii, muitishe baraza mwezi ujao, na droni ije ikute swali linaisubiri.